Matofali ya Utengule

Tulishuka Chimala baridi ya Tukuyu ingali kwenye mifuko,
Anyosisye na koti lake zito,
saa nne tu jua la Usangu likamvua.
Nilimwahidi ngome. Tangu darasa la tano namwahidi ngome.

Mgaya alitupokea, kitabu cha stakabadhi kwapani,
akanyoosha kidole: ukuta huo hapo.
Tukatazama. Tuta refu la udongo,
mbuzi wawili juu yake wakitafuna.
"Huo?"
"Huo."

Aliyeujenga alitaka mikuki ichoke.
Ikachoka. Mvua haikuchoka.
Masika kwa masika ililamba udongo
ikaurudisha bondeni ulikochimbwa,
na tofali la mwisho, Mgaya akasema bila haya,
liko jikoni kwa mama, linashika sufuria.

Akatupakia mshikaki, pikipiki ikinuka pumba za mpunga,
hadi ukingoni mwa Ihefu.
Hapo mtoto akasahau kununa.
Yangeyange walitapakaa mafunjoni
kama karatasi za mtihani zilizochukuliwa na upepo,
mwari wanne wakapita, wazito, wima,
akina mama wa kwaya wanaingia kanisani.
Kisha kiwiko cha Mgaya kifuani mwangu: simama.
Masikio mawili juu ya maji. Pumzi moja.
Masikio hayapo.

"Zamani maji yalifika kwenye nguzo ile ya umeme."
Zamani gani? Siyo ya mikuki.
"Nilikuwa na miaka tisa," akasema.

Anyosisye akaenda kupima kwa hatua.
Mia tatu na kumi na mbili,
na njia nzima tope limekauka, limepasuka miraba,
matofali yamepangwa chini,
fundi hajulikani.

Fundi alikuwepo. Fundichuma, kahawia, kichwa nyundo,
anabeba vijiti na matope, anarudi, anabeba,
nyumba kubwa kuliko yeye mara kumi
na mlango wa kupita yeye tu.
Hakututazama. Alikuwa na kazi.

Usiku, Tukuyu, mvua juu ya bati.
Koti limekunjuliwa mezani, ndani yake kipande cha udongo
mraba, chepesi, kina alama ya ukucha wa ndege.
"Umekiokota ukutani au majini?"
Hakumbuki.
Akakisogeza mbali na dirisha,
akakifunika na bakuli.