Mfuko wa Nauli

Alhamisi foleni yangu hufika mpaka bombani.
Walukuba nzima, vitambaa kwapani,
na kila mmoja ananiambia: Naigaga, nishonee
kitu cha Jumamosi.

Sianzi na kiuno.
Nasema: geuka.
Wanacheka, wanaangalia barabarani kwanza,
kisha wanageuka juu ya saruji,
kati ya cherehani na gunia la mkaa,
nami natazama miguu,
maana kioo kinajua kusimama tu
na gauni la dansi halikushonwa lisimame.

Kawudha kaleta satini, nyekundu ya pilipili.
Namwambia satini ni samaki:
mkono wa mtu utateleza mgongoni
mpaka mahali hukuukaribisha,
halafu atasingizia kitambaa.
Ananyamaza. Anachukua chaki yangu,
anajichorea mstari juu kidogo ya kiuno.
Hapa, anasema, weka mshono unaokwaruza.
Ajue mpaka.

Adong wa maabara hataki mgongo wazi.
Si haya, anasema, viganja vya Jinja vina moto,
nami narudi nyumbani na jasho la watu sita
lisilo langu.
Mikono mirefu pia hataki;
rumba ya tatu, kwapa huanza kusimulia.
Tunabishana hadi tunakutana kwenye kiwiko.

Hereni za duara mziache kwenye kikombe.
Moja ilinasa saa ya Balikowa mwaka jana,
wakacheza shavu kwa shavu mpaka gitaa likanyamaza,
na hadi leo kuna wanaosubiri mwaliko wa harusi.

Mama Ofwono amebandika jinzi kuukuu chini ya soli.
Mpira unashika sakafu, anasema,
wewe unazunguka, goti linabaki.

Kisha Tezira.
Miaka sitini na saba, gomesi ileile ya zambarau,
mabega yamechongoka, kikoyi ndani,
mshipi umeshuka hadi magotini.
Wasichana wapya humwonea huruma
mpaka ageuke.
Mwili unafika, kitambaa kinafuata baadaye
kama mtu aliyekumbuka neno akiwa mlangoni.
Anayecheza naye hushika vidole, basi,
pengine pote pana yadi za nguo.
Sijawahi kukata kitu
kinachojilinda hivyo na bado kikacheka.

Mwezi wa tatu Kagoya alirudi kwa miguu kutoka Masese,
saa tisa usiku, viatu mkononi.
Pesa zake zilikuwa kwenye koti la aliyempeleka,
na koti lilikuwa limeondoka mapema.
Gauni lake halikuwa na pa kuficha hata sarafu.
Lilimkaa vizuri, kila mtu alisema.
Nililishona mimi.

Tangu siku ile natoboa ubavu wa kushoto,
satini, pamba, lesi, vyovyote,
nashona mfuko wa upana wa vidole vitatu,
natia noti ya elfu mbili, imekunjwa mara nne.
Siiandiki kwenye hesabu.
Wengine huigundua wakifua,
wanakuja kunirudishia, imelowa,
nami najifanya sijui ni ya nani.

Jumamosi nafunga saa kumi na mbili.
Langu ni pamba ya buluu, masalio ya sare za shule,
pindo pana, vifungo havifanani.
Mlangoni Waiswa kinyozi akaniuliza:
na wewe, umemvalia nani?
Nilikuwa na jibu, refu, lenye matusi mawili,
lakini ndani besi ilikuwa imeshaanza
na goti langu halina adabu.
Nikampa mkono.
Akanizungusha. Pindo likainuka,
likakaa hewani, likashuka kwa wakati wake,
na ubavuni, chini ya mbavu ya mwisho,
noti ikanikwaruza kidogo.