Kutwa Mara Tatu

Saa nane za usiku, Kutaisi.
Mvua imelifunga soko,
na Nutsa amekaa nyuma ya kioo chenye kidirisha
cha kupitisha mkono na sarafu.
Amekwisha uza pamba, dawa ya kikohozi,
na vidonge viwili vya kichwa kwa mlevi
aliyetaka na ushauri wa ndoa, bure.

Halafu kimya. Friji ya insulini inanguruma peke yake.

Alikuwa anatafuta kipimo cha dawa ya mtoto.
Akakosea herufi moja, moja tu,
na simu, badala ya kumpa miligramu,
ikampa shairi.

Shairi la homa. Mtunzi ni mtu wa Batumi,
na wasifu wake mstari mmoja:
"Anatengeneza lifti. Anaogopa ngazi."
Nutsa akacheka, kisha akatazama huku na huku
kama mtu aliyecheka matangani.

Chini yake, hadithi isiyozidi kiganja:
mzee anarudisha ngazi aliyoazima miaka ishirini,
mwenye ngazi amekwisha kufa,
mzee anaiegemeza ukutani, anapanda,
anachungulia dirishani.
Basi.
Nutsa akateremsha kidole kuutafuta mwisho,
kidole kikagota chini ya ukurasa
kama mguu unaokanyaga kidato ambacho hakipo.

Kumbe ni jarida.
Halina jalada la kushika wala harufu ya wino,
halina bei, wala tarishi wa kulipoteza.
Toleo la kumi na nne!
Na yeye alikuwa wapi
matoleo kumi na matatu?

Shuleni ushairi ulikuwa shaba:
wanaume wamesimamishwa viwanjani, njiwa vichwani mwao,
na watoto mbele yao wakikariri, meno yanagongana kwa baridi.
Hakuna aliyemwambia kuna walio hai,
wenye kodi ya nyumba na jino bovu,
wanaoandika Jumanne.

Jarida hili likampeleka kwa lile, kama jirani
anayekuonyesha kwa kidole: si hapa, mlango wa tatu.
La wanafunzi wa Tbilisi, limejaa makosa ya tahajia na ujasiri.
La mume na mke wa Zugdidi, hutoka wanapopatana.
Na moja huchapa sentensi moja kwa wiki,
na ya wiki hii ilikuwa:
"Mama amejifunza simu ya video; sasa kila Jumapili naongea na paji lake la uso."

Ndani ya droo, chini ya risiti,
zimo karatasi za daktari zilizoharibika,
na mgongoni mwa kila moja mwandiko wa Nutsa.
Miaka sita. Mistari miwili, mitatu.
Mikono tu, ile inayoingia kidirishani:
mkono uliovimba, pete imeuma kidole,
mkono ulioleta sarafu za kibubu cha mtoto,
bado zina joto.
Hajawahi kuyaita mashairi.
Huyaita takataka zangu.

Mwisho kabisa wa ukurasa, kwa herufi ndogo
kama za karatasi ya ndani ya boksi la dawa,
ambazo hakuna azisomaye ila yeye, na analipwa:
"Tuleteeni. Tunasoma vyote. Tunachelewa kujibu, mtusamehe."

Tunasoma vyote.
Akalirudia. Akalirudia tena.
Kutwa mara tatu, hata kabla ya chakula.

Saa kumi na nusu kidirisha kikagongwa.
Zauri, mwoka mikate, anataka plasta.
Mkono ukaingia, mweupe kwa unga hadi kiwikoni,
na Nutsa akautazama kupita kiasi.

"Kuna nini?"
"Nikikuandika, utakasirika?"
"Unaniandikia dawa?"
"Hapana. Mkono wako."

Zauri akaurudisha nje, akaugeuzageuza kwenye taa ya barabarani,
kama mkate asiojua ameuoka yeye au nani.

"Basi andika wa kushoto," akasema.
"Huu umeungua."