Zege Halisemi

Fundi Nandonde alipiga magoti sebuleni
akatandaza nailoni juu ya zege, dhiraa kwa dhiraa,
kingo zote nne akaziziba kwa selotepu,
akasema: Leo tusiongee mengi. Tungoje kesho.

Kesho yake nailoni ilikuwa imelowa kwa ndani,
matone madogo madogo
kama kwenye paji la mtu anayetokwa na homa.
Mnaona? Miaka ishirini na sita ya nyumba,
mkadhani limekauka.
Hapa Mtanda zege hunywa kwa chini, hupumua kwa juu.

Mbao zilikuwa ukumbini, mkongo mtupu wa Liwale,
na vibali vyake vyote kwenye mfuko wa rambo,
zimepangwa na vijiti katikati zipate hewa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe,
lakini ubao, fundi alisema,
mpe siku kumi na nne, ndipo umpe msumari.

Tukakaa kuchagua.

Kaka yangu Mshamu, pesa ya korosho bado moto mfukoni,
alitaka gundi. Paka, bandika, kandamiza, kwisha.
Gundi juu ya jasho, fundi akasema,
ni ahadi ya mlevi.
Mimi nilitaka nailoni nene, halafu plaiwudi,
halafu mbao juu ya plaiwudi;
hesabu nilishaipiga nyuma ya bahasha ya dawa za mama
na haikuwa imefika mwisho.

Iko na njia ya papi, fundi akasema kama anayeomba radhi.
Nailoni chini, papi zilizonyweshwa dawa ya mchwa,
moja kila baada ya shubiri mbili, mbao juu.
Ila katikati panabaki uwazi.
Mtu akitembea, inalia.
Wengi hawaipendi.

Inalia vipi?

Alikuwa mama, pembeni, ungo mapajani,
anachambua mchele kwa ncha za vidole.
Tulikuwa tumemsahau.

Fundi akalaza papi mbili, ubao juu yake, akapita.
Du. Du.
Akamwita Mshamu: du, kisha kitu kinaburuta, du.
Akamwita binti yangu: tutututu hadi mlangoni.

Huyo Mshamu, mama akasema, goti la kushoto bado hajalitibu.
Huyo Zaitun, kavaa ndala moja, nyingine iko wapi?

Zaitun akautazama mguu wake.

Kwenye saruji ninyi nyote paka, mama akasema.
Tangu ukungu huu uingie machoni
naguswa bega ndipo najua kuna mtu.
Nashtuka kila siku ndani ya nyumba yangu.
Wekeni hiyo inayolia.

Mshamu akaanza habari ya gharama, akaiacha njiani.

Siku tisa nyumba ilinuka dawa.
Milango ilikatwa chini inchi mbili na nusu,
kizingiti cha jikoni kikawa kidato, nikajikwaa mara tatu.
Ukutani fundi aliacha nafasi ya kidole, pande zote,
nikamwuliza kwa nini asisogeze ubao ukagusa.
Masika ubao hunenepa, akasema,
ukiubana ukutani utainua kifua.
Nikaufikiria mwaka niliokaa na mume wangu
chumba kimoja, Rahaleo,
nikampa fundi chai, sikusema neno.

Mshamu hadi leo anasema gundi ingetosha.

Usiku wa kwanza nilitoka kunywa maji,
ndala mkononi, vidole vya miguu vikiomba ruhusa
ubao kwa ubao, nisimwamshe.
Wa nne ukaguna.

Kutoka gizani, sauti iliyo macho kabisa:
Unanyata nini kwenu?
Umekula?