Mraba Mweusi

Aune Rusanen alijifungua kabla ya siku zake,
theluji imepanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha.
Mkunga akampima mtoto,
kisha, bila kuagizwa na mtu,
akaliweka mizanini na kondo la nyuma.
Lilikaribia nusu ya uzito wa mtoto.
Akaandika kwa penseli. Hakusema neno.

Penseli ile ndiyo iliyonileta huku Kainuu.
Mimi ni mbeba chupa tu wa Daktari Haataja.
Sanduku la damu nalifunga mkanda kama abiria,
kipasha joto cha gari nakizima lisiharibike,
vidole vyangu vikifa ganzi kwenye usukani.

Daktari hushinda kanisani, chumba cha uani,
na vitabu vya ubatizo, vitabu vya mazishi,
mwandiko wa wachungaji waliokwisha kuwa udongo:
*alivimba. alivimba tumbo. hakuota jino.*
Anachora mistari, kizazi juu ya kizazi,
hadi yote inakutana shamba moja kando ya ziwa,
kwa mume na mke
walioishi wakazeeka, hawakuumwa chochote.

Figo ni chujio, nilimweleza Aune jikoni kwake.
La Oiva limekuja na matundu mapana,
lishe ya damu inapita, inaishia kwenye nepi;
ndilo povu hilo, ndiyo sababu ya kope kuvimba.
Hakunisikiliza. Aliuliza
kama ni yule samaki wa chumvi,
kama ni ndoo aliyoinua mimba ikiwa ya miezi sita,
kama ni neno alilomtupia mama mkwe.

Nikasema: Si ndoo.
Akasema: Rudia.
Si ndoo, Aune. Wala samaki. Wala neno.
Nusu ilitoka kwako, nusu kwa Eino,
nanyi mlipewa, hamkujua mmebeba.
Kwa nini matundu yanapanuka, hilo
hata Daktari hajui bado.

Oiva alikwenda mwezi Machi, barafu ya ziwa ikilia usiku.

Mei, Aune alikuja ofisini na viatu vya tope,
akataka kuona karatasi.
Nikamwonyesha: mraba mweusi, namba kumi na saba.
Akautazama kitambo.
"Hana jina?"
Daktari alikuwa amekwenda kunywa kahawa.
Nikatafuta penseli.