Begi la Kolo

Basi la Kondoa linaondoka saa kumi na mbili alfajiri
na mimi bado nimechuchumaa sakafuni, Nkuhungu,
nguo zimenizunguka kama wadai.

Suruali mbili za kaki, mtumba wa Sabasaba.
Magotini nimetia viraka kabla hazijachanika,
maana mwezi huu, mbele ya shimo la mita moja kwa moja,
nitapiga magoti kuliko nilivyowahi kupiga
tangu kipaimara.

Mashati ya mikono mirefu, manne.
Si kwa ajili ya jua. Kwa ajili ya upupu.
Mwaka juzi nilikwenda na fulana, mjanja wa mjini,
usiku nikapakwa majivu na mama wa watu
huku nalia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa.

Rangi? Chukua ile iliyokwisha kukata tamaa.
Vumbi la kule halifuliki,
linahama tu, kutoka shati kwenda beseni,
kutoka beseni kwenda shati la mwenzako.

Na sweta, ndiyo, sweta.
Anayesema nchi hii ni ya joto
hajatoka hemani mwezi wa saba, saa kumi na moja,
upepo unashuka mlimani
unakupapasa mbavu moja moja kama mnunuzi wa mbuzi.

Soksi jozi nane. Mbigili hawajui cheo.
Kofia ya pama. Kanga moja ya kuogea,
kujifunika, kubebea kuni, kuchujia maji,
kuzibia mlango wa hema nyoka akipita.

Mama yuko mlangoni na kikombe cha uji wa uwele.
"Nyemo, gauni je? Jumapili utavaa nini?"
"Mama, Jumapili kule tunaosha vigae."
"Vigae vioshwe, wewe ubaki mchafu?"
Gauni likaingia.

Shabani Ijengo, mchimbaji wetu,
huja kazini na koti la suti aliloolea.
Hulivua, hulitundika kwenye mchongoma,
huchimba na singlendi, jioni hulivaa tena
na kurudi kijijini kama karani wa benki.
Nikamuuliza siku moja, nikitarajia neno zito.
"Nikiliacha nyumbani," akasema, "shemeji ataliuza."

Hili hapa ndilo shati lenyewe, la bluu, lina pini kifuani.
Mwaka jana, sentimita arobaini kwenda chini,
chekeche likanasa kiduara.
Mwanafunzi akapiga yowe: shanga!
Tukajazana. Kiduara kina matundu manne.
Nikajishika kifua, shati liko wazi.
Shabani alicheka mpaka akakalia rundo la udongo.

Lakini usiku ule sikulala.
Shanga za kweli tulikuwa nazo saba,
ganda la yai la mbuni, ndogo kama punje ya mtama.
Zilishonwa juu ya nini? Ngozi gani? Bega la nani?
Jiwe linakaa. Mfupa unajikaza.
Nguo ndiyo huaga kwanza, haiachi hata anwani.
Na wale wembamba wekundu walioko mwambani,
wana nywele, wana mikono mirefu,
hakuna aliyechorwa na begi.

Hili sikuliandika kwenye daftari la kazi.
Siku ya kufukia, wenzangu wakikunja hema,
nilitoa kile kifungo mfukoni
nikakiangusha shimoni, pembe ya kaskazini,
kisha nikashindilia udongo kwa kisigino.
Ni kosa. Najua ni kosa.

Zipu imekufa. Ninafunga begi kwa utepe wa kanga kuukuu.
Mama ananijia tena, hasemi kitu,
anachomeka ubavuni kikopo cha vifungo,
vyote vya rangi tofauti, na sindano imelala juu yake.
Bodaboda anapiga honi mara ya pili.
Nimesahau mkanda.