Kufuli la Mulwa

Usiku wa kwanza maji yalipofika Pipeline,
saa nane kasoro, bila taarifa, kama mdaiwa,
tulishuka ghorofa saba, madumu matupu yakigonga kuta,
na hakuna aliyempisha mwenzake.
Kageha, shemasi, anayetufungulia maombi kila Alhamisi,
alimng'ata mtu mkono.
Najua, maana mkono ulikuwa wangu.

Kesho yake tulikaa ngazini, kila mtu na kidato chake,
tukaulizana: hivi ndivyo tulivyo?
Onserio wa ghorofa ya tano akasema, hivi ndivyo.
Mwondoleeni mtu hofu, mtaona kilichobaki.
Wairuri, anayenyonyesha, akasema hapana,
alfajiri alikuta dumu limejaa mlangoni pake
na hadi sasa hajui ni la nani.
Wote wawili walisema kweli,
kikao kikakosa pa kushika.

Tukamchagua Mulwa.
Daftari lilikuwa langu, la cherehani,
nikaandika kama ilivyokuwa:
tumemchagua Mulwa kwa sababu ana kufuli.
Si kwa hekima, si kwa umri. Mungu hakutajwa.
Nyumba ishirini na sita tukatia sahihi,
wengine dole gumba,
chini ya vipimo vya viuno vya watoto wa shule.

Na amani ikaja, siwezi kuikana.
Foleni ikanyooka. Nikalala usingizi.
Mwezi wa pili Mulwa akajichotea dumu la ziada, la jasho lake.
Mwezi wa tatu, shilingi kumi kila nyumba, za grisi.
Kisha shemeji yake akasimama pale na rungu.
Rungu la nini?
La kuwalinda.
Dhidi ya nani?
Dhidi yenu.
Nilifungua daftari, nikatafuta tulipoandika rungu.

Halafu Mulwa akafiwa na mama.
Akaenda Mwingi, shemeji naye,
ufunguo ukaenda ndani ya mfuko wa koti.
Siku tatu tulikaa na kiu mbele ya tangi lililojaa.
Nondo zilikuwepo, zimelala pale kwenye jengo la jirani.
Hakuna aliyeleta nondo.

Usiku wa pili nilishuka peke yangu.
Nililigusa tu,
likafunguka.
Halikuwa limefungwa. Lilikuwa limening'inia,
haraka ya msiba ilimsahaulisha mwenyewe.
Nikachota dumu moja.
Nikalirudisha kama lilivyokuwa, mdomo nusu.

Ngazi ya nne nikasimama kupumua.
Kwa nini moja?
Halkano bawabu alikuwa amelala kitini, au alijifanya.
Hapakuwa na rungu. Daftari lilikuwa juu, chini ya godoro.
Ningejaza beseni, sufuria, hata viatu vya mvua.
Nimejipekua kama mtu anayepapasa sindano iliyodondoka mkekani:
sikuogopa.
Lakini pia sikumgongea mtu mlango
kumwambia liko wazi.

Siku ya tatu Halkano akapanda ngazi ya mbao,
akatumbukiza mpini wa ufagio tangini, atutulize mioyo.
Akautoa.
Unyevu uliishia katikati.
Tuliutazama mpini ule muda mrefu.
Lingekuwa dumu langu pekee, hata kidole kisingeshuka.
Kisha kila mtu akatazama miguu yake.
Kageha akasafisha koo kama kabla ya sala,
asisali.
Wairuri ndiye aliyecheka.

Jumamosi Mulwa akarudi, kichwa kimenyolewa,
tukampa pole, na pole ilikuwa ya kweli.
Akatoa ufunguo.
Foleni ikajipanga yenyewe nyuma yake.
Onserio, yule yule, akasema:
Mulwa, ngoja kidogo.

Nikafungua ukurasa ambao haujapimwa mtu.
Kalamu ilikuwa imekauka.
Kageha akanipa yake,
akiutazama mkono ulioipokea.