Miraba Kumi na Sita

Laptopu niliuziwa na Skanda wa Langoni.
Kibonyezo cha N hakipo, kioo kina ufa,
na feni inanguruma kama kinu cha mahindi.
Nikasema haidhuru, feni nayo nitairekodi.

Programu ilikuwa ya majaribio.
Yaani, tunga utakavyo, sikiliza utakavyo,
ila ukiifunga, kazi imekwenda na maji.
Basi sikuifunga.
Siku tisa kompyuta ilikesha mezani kama mgonjwa,
Mwanajabu akiifunika leso isiingie vumbi,
watoto wakionywa: waya huo asiuguse mtu.

Na nilikuwa na mdundo, Bunu. Nakuapia.
Punda wa Kupi alilia alfajiri,
nikamkata vipande vitatu, nikamshusha chini,
chini kabisa, hata akawa besi.
Pembe za vugo, za harusi ya mtaa wa pili,
nikazipindua zilie kinyumenyume:
ikatoka sauti ya mtu anayevuta pumzi
kabla hajakwambia jambo zito.
Nikaweka ukimya kidogo hapo.
Ukimya ule ndio ulionigharimu siku nne.

Siku ya kumi, saa mbili usiku,
stima ikakatika mji mzima.
Betri? Betri ilikufa mikononi mwa Skanda.

Nilibaki gizani nimevaa vipokea sauti
visivyo na sauti.
Mwanajabu akaja na kibatari na sahani.
"Kula," akasema. "Punda hayafa. Kesho atalia tena."

Sikucheka. Ningecheka, labda, ningekuwa mtu mwema.

Miezi miwili sikuigusa.
Niliangalia video za kijana mmoja wa ng'ambo,
skrini tatu mbele yake, mmea kwenye chungu,
anasema ni rahisi tu, na kwake ni rahisi kweli.
Nikazima. Nikarudi kwenye sindano.

Wajua kazi yangu: kofia za viua.
Natoboa kitambaa, nazungushia uzi, nakaza;
natoboa tena, pembeni yake, nakaza.
Kofia moja yala miezi mitatu, ya bwana harusi minne.
Hajatokea mtu barazani akaniuliza
hamu ya kushona naitoa wapi.
Hamu haitoboi kitambaa.

Ndipo siku moja, kofia ikiwa magotini,
nikaona safu ya vitobo, kimoja wazi, kimoja kimezibwa,
wazi, wazi, kimezibwa,
nikajikuta nagonga kigae kwa kidole cha mguu.
Nikahesabu. Kumi na sita.
Safu ile ile ya miraba iliyokuwa ikinikodolea kiooni,
huu umewaka, huu umezima.
Nimekuwa nikishona ngoma miaka kumi na moja,
sikujua tu kuwa inalia.

Nisiseme uongo, haikuwa muujiza.
Kofia mbili niliziuza, nikalipia leseni.
Sasa baada ya Isha nashona safu moja tu.
Moja. Ikiwa mbaya, nalala nayo ikiwa mbaya.
Mafaili yangu yameitwa Bure, Bure ya pili,
Mdudo, kwa kuwa N sina,
Mdudo mwigie, Taka, Afadhali.

Umeniuliza pale gatini, umebeba kompyuta yako mpya
kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake,
nimewezaje kutochoka.
Nimechoka, Bunu.
Jana nilisinzia kidole kikiwa kwenye kibonyezo,
nikaamka nina dakika arubaini za sauti moja ya feni.
Sikuifuta. Katikati yake, mahali fulani,
stima imepungua kidogo ikarudi,
na feni ikashuka, ikapanda, kama mtu aliyetaka kuimba akaona haya.

Hapo ndipo nimeanzia.
Mwanajabu amesikiliza sikio moja, jingine lipo kwenye chungu.
Hakusema nzuri. Alisema, "Rudia pale."

Faili nimelipa jina lake, kwa herufi nilizo nazo:
Mwaajabu.